Ndege wa Mlimani, Mjusi wa Tendaguru

Kila baada ya muda, bungeni au redioni, suala la mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria wetu, huibuka upya. Mmoja anauliza kwa nini mifupa iliyochimbwa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913 iendelee kuwavutia watalii huko Berlin, ilhali sisi tunaoishi mwendo wa pikipiki kutoka kilima chenyewe tunaiona kwenye picha tu. Mwingine anajibu kwamba tukirudishiwa leo hatuna jengo la kumsimamisha, maana kichwa chake kinafika mita 13 kwenda juu. Watu hubishana wee, wiki inapita, mjusi anabaki alipo na sisi tunarudi kwenye bei ya korosho.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, mzaliwa wa Kilwa, na ubishi huo ukifufuka watu hunitaka niseme niko upande gani. Warudishe, nasema. Lakini sababu zangu hazikutoka Tendaguru wala Berlin. Zilitoka kwenye kilima cha mawe nje ya mji wa Masvingo, kusini mwa Zimbabwe, ambacho niliwahi kukipanda nikiwa bado natembea bila fimbo. Na kabla ya hapo zilitoka kwenye chekeche la baba yangu.

Baba alikuwa mvuvi wa Kilwa Kisiwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Neville Chittick alipokuwa akichimba magofu ya kisiwani, baba aliacha madema yake kwa misimu kadhaa akaenda kuwa kibarua, kwa kuwa ujira wa magofu haukutegemea upepo. Kazi aliyopewa ilikuwa kuchekecha. Udongo ulitoka shimoni kwa karai, ukamwagwa kwenye chekeche la waya, ukatikiswa, na kilichobaki juu kikachambuliwa kwa mkono: vigae, shanga, mifupa ya samaki, vipande vya kioo. Mchana nilikuwa nampelekea chakula, nikikaa kivulini kumsubiri amalize ili nirudi na sufuria.

Kilichonishangaza ni namna walivyohangaika na vitu visivyo na maana. Kigae kidogo kama ukucha, ambacho mama angekifagia uani bila hata kukitazama, kiliwekwa ndani ya mfuko pamoja na kikaratasi chenye namba, na namba ile ikaandikwa kitabuni. Hata udongo wenyewe ulikuwa na majina yake: huu wa juu, huu wenye majivu, huu wa chini yake wenye chokaa. Siku moja ilitoka shanga nzuri ya bluu, kibarua mmoja akaionyesha huku na huku, na ilipotakiwa kuandikwa hakukumbuka ilitoka kwenye karai lipi. Ikawekwa kando. Niliona wameionea bure shanga nzuri namna ile.

"Baba, hivi vigae vina thamani gani mpaka vinaandikwa?"

"Havina, mwanangu. Hivi ni vyungu vilivyovunjika. Wanachokitafuta ni ile namba. Wakijua kimetoka wapi, wanajua nani alikaa hapo, na nani alikaa kabla yake."

Sisi watoto tulikuwa na uchimbaji wetu, usio na chekeche wala kitabu. Masika yakipita tulitembea ufukweni karibu na ngome ya Gereza, macho chini. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zilikuwa zikijitokeza zenyewe mchangani, nyembamba, zimeingia kutu ya kijani. Nyingi zilikuwa na jina la Ali bin al-Hasan, mtawala wa karne ya 11, ingawa wakati ule hatukuweza kulisoma. Upande mmoja kuna jina la mtawala, upande wa pili sifa za Mungu anayemtegemea, na pande hizo mbili zinapatana kwa vina. Masultani wetu walitaka hata hela iwe na ushairi. Akipita mgeni tulimuuzia, tukanunua kashata. Nadhani zimo sarafu za Kilwa kwenye madroo ya watu duniani kote ambazo haziwezi tena kumwambia mtu chochote zaidi ya kwamba ni za Kilwa.

Nilipokuja kuwa mwalimu, kitabu kilichonirudisha kwenye chekeche la baba kilikuwa cha Peter Garlake, kilichotoka mwaka 1973, kuhusu Great Zimbabwe. Jina la Garlake nilikuwa nalijua tayari. Kabla ya kwenda kwenye mawe ya Zimbabwe alikuwa amepita pwani yetu akipima misikiti, makaburi na majumba ya matumbawe, na mwaka 1966 alitoa kitabu kikubwa kuhusu majengo hayo. Alipokuwa mkaguzi wa majengo ya kale huko Rhodesia, serikali ya wazungu wachache ilitaka magofu yale yaelezwe kana kwamba haijulikani nani aliyajenga. Garlake alijua, na alisema: yalijengwa na Waafrika, mababu wa Washona. Mwaka 1970 akaondoka nchini. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walikipenda kisa hicho kuliko vita vyote nilivyowafundisha. Waliona ajabu kwamba mtu anaweza kufukuzwa nchi na ukuta.

Halafu, katika kusomasoma, nikakutana na habari ya sarafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliripotiwa kwamba sarafu ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Great Zimbabwe. Huyo ndiye mtawala aliyejenga jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane; ndiye aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Nililisoma jina lile mara mbili tatu. Kutoka Kilwa mpaka kilima kile ni zaidi ya kilomita 1,500 ukinyoosha mstari hewani, na hakuna aliyesafiri hewani. Hela ile ilipanda jahazi mpaka pwani ya Sofala, ikapokelewa na mikono ya watu wengine, ikapandishwa nyanda za juu kwa miguu.

Tulikuwa tumezichezea za aina hiyo utotoni. Sarafu ya shaba ya Kilwa ikiokotwa Kilwa haimshtui mtu. Hii moja, kwa sababu aliyeipata alisema ameipata wapi, imethibitisha biashara ambayo waandishi wa Kireno waliisimulia baadaye: dhahabu ikishuka, nguo na shanga zikipanda, na Kilwa ikichukua ushuru wake katikati. Tangu siku hiyo nikawa na hamu ya kukiona kilima hicho.

Nafasi ilikuja katikati ya miaka ya 1990, kwa mkutano wa walimu uliofanyika Harare. Wenzangu wawili walipanda ndege. Mimi nilichukua TAZARA mpaka Kapiri Mposhi, nikaunga basi la Lusaka, nikavuka Zambezi pale Chirundu, na mkutano ulipokwisha sikurudi nao. Nilikwenda Masvingo. Mkuu wangu wa shule aliniona mtu wa ajabu, kutumia akiba yangu ya likizo kwenda kutazama mawe wakati nyumba yangu haijaezekwa.

Magofu yako takriban kilomita 30 kutoka mjini. Watalii wengi huanza bondeni, kwenye boma kubwa, na wana haki. Ukuta wake wa nje una mzunguko wa mita 250, mahali pengine unafika mita 11 kwenda juu, unene mita 5, na hauna tope wala chokaa kati ya jiwe na jiwe. Nilipachika vidole kwenye mwanya nikatafuta udongo, sikuukuta. Mawe ya itale ya nchi ile hubanduka yenyewe kwa tabaka, jua likiyachoma mchana na baridi ikiyapiga usiku. Mafundi walisaidia kwa moto na maji, wakapata vipande vya unene unaokaribiana, wakavipanga safu kwa safu. Mtu aliyezoea kuta zetu za Kilwa, ambazo ni matumbawe na chokaa na lipu, anashangaa kukuta ukuta umesimama kwa miaka zaidi ya 600 kwa uzito wake tu.

Lakini mimi nilikuwa nimefuata mlima. Kilima chenyewe kinainuka mita 80 hivi juu ya bonde, kimejaa majabali makubwa, na waliokaa juu hawakuyaondoa: waliunganisha ukuta na jabali, jabali na ukuta, mpaka usijue kazi ya fundi imeishia wapi. Njia ya zamani ya kupandia inapita kwenye mianya ambayo mtu mnene atapita ubavu. Kiongozi wetu, kijana mchangamfu, alikuwa akipanda huku anaongea. Sisi wengine tulikuwa tunapumua tu. Watu walianza kuishi juu ya kilima kile kabla kuta hazijajengwa, na mji wa mawe uliotanda pale ulistawi kati ya karne ya 11 na ya 15. Kaa upande wa magharibi uone bonde lote, na wageni wanaokuja na mizigo yao tangu wakiwa mbali.

Upande wa mashariki kuna ua mdogo uliobanwa na majabali. "Hapa," alisema kiongozi, "ndipo walipokuwa ndege wengi." Akanyamaza atuache tuangalie. Hapakuwa na kitu cha kuangalia. Palikuwa na ngazi za mawe zilizojengwa nusu duara, majani makavu, na mjusi kafiri juu ya jiwe akitikisa kichwa.

Ndege wenyewe tulikwenda kuwaona chini, makumbusho. Wamechongwa kwa jiwe laini la rangi ya kijivu na kijani, kila mmoja na kimo cha sentimita 40 hivi, juu ya nguzo ya jiwe hilohilo. Ukiwakaribia unaona kwamba hawakuwa ndege hasa. Mmoja ana midomo badala ya mdomo wa ndege. Mwingine ana vidole vya miguu vinavyofanana na vya binadamu. Kwenye nguzo ya mmoja kuna mamba anapanda. Nilikaa mbele ya yule mwenye vidole mpaka walinzi wakaanza kuniangalia. Ndege wa aina hii ndiye aliye kwenye bendera ya Zimbabwe, na nchi nzima imechukua jina la mahali hapo. Sijui taifa jingine katika bara letu lililojiita kwa jina la magofu.

Historia ya namna walivyoondoka ni ndefu, nami nitaisema kwa ufupi kwa kuwa inauma. Mwaka 1871 alifika Mjerumani, Karl Mauch. Aliokota kipande cha mti kwenye kizingiti, akakinusa, akakilinganisha na penseli yake, akaamua kwamba ni mwerezi wa Lebanoni, kwa hiyo majengo yale ni ya Malkia wa Sheba. Mti ulikuwa wa hapohapo kichakani. Mwaka 1889 akaja mwindaji, Willi Posselt, akapanda mlimani akawakuta ndege. Wenyeji walipinga, akawatuliza kwa mablanketi na vitu vingine, na kwa kuwa nguzo ilikuwa nzito akamkata ndege akaiacha. Ndege akauzwa kwa Cecil Rhodes. Miaka miwili baadaye Theodore Bent alichimba akiwa amepewa fedha na kampuni ya Rhodes, akaondoka na wengine. Ilianzishwa hata kampuni iliyopewa kibali cha kusaka dhahabu ndani ya magofu ya nchi hiyo. Mapambo ya dhahabu yaliyopatikana makaburini yaliyeyushwa.

Hayo yote kiongozi wetu aliyaeleza kwa kebehi nzuri, na tulicheka kwenye penseli ya Mauch. Aliposimulia habari ya Richard Hall hatukucheka. Hall aliletwa mwaka 1902 atunze magofu. Aliamini kwamba wajenzi walikuwa wageni kutoka nje ya Afrika, na kwamba tabaka za juu za udongo zilikuwa uchafu ulioachwa na Waafrika waliokuja kukaa baadaye. Basi akausafisha. Kwa miaka miwili aliwatia vibarua koleo mikononi, wakazoa sakafu, majivu, vyungu, mabaki ya nyumba za udongo, mahali pengine kwa kina kinachozidi kimo cha mtu, wakatupa nje. Mwaka 1904 akaachishwa kazi. Mwaka uliofuata alikuja David Randall-MacIver, mchimbaji aliyefunzwa, akasema bila kusita kwamba mji ule ni wa Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akachimba sehemu chache zilizosalia na kusema vilevile. Lakini wote hao walikuwa wanasoma kitabu ambacho Hall alikwisha kuchana kurasa zake nyingi, na kurasa zenyewe ndizo zilizokuwa na majina ya wenye nyumba.

Nikamkumbuka baba na ile shanga ya bluu.

Jioni ile, nyumbani kwa wenyeji walionipa malazi, tuliongea kuhusu namna ndege walivyorudi. Mwaka 1981, mwaka mmoja baada ya uhuru, Afrika Kusini ilirudisha ndege kadhaa, na kwa kubadilishana Zimbabwe ilitoa mkusanyo mashuhuri wa nyuki, nyigu na sisimizi uliokuwa makumbusho. Nilidhani wananitania. Ni kweli tupu: wadudu kwa ndege. Nusu ya chini ya ndege mwingine wakati ule ilikuwa bado Ujerumani, baada ya kupita Berlin na Leningrad kwa sababu ya vita. Ilikuja kurudi mwaka 2003 ikaungana na nusu yake ya juu. Mwenyeji wangu, mwalimu mwenzangu wa sekondari, alifurahi kwamba wamerudi, na aliniuliza kitu ambacho bado nakiuliza.

"Wamerudi, sawa. Lakini nani anajua kila mmoja alisimama wapi? Alimtazama nani? Kulikuwa na nini miguuni pake?"

Posselt aliwahi kuandika jinsi alivyowakuta, Bent naye akaandika yake, na wataalamu wamejitahidi kuunga vipande. Lakini ardhi iliyokuwa chini ya nguzo zile imekwenda. Kuna wanaosema kila ndege alikuwa wa mfalme mmoja, kuna wanaosema ni wajumbe wa mizimu, kila mtaalamu na hoja yake, na hakuna udongo wa kuamua kesi.

Kuna jambo jingine nililojifunza kesho yake, na hilo sikulitegemea. Ndani ya eneo la magofu kulikuwa na kijiji cha maonyesho, nyumba za udongo zenye paa za nyasi, ambapo kikundi kiliwachezea watalii ngoma. Nje kidogo ya lango nilikutana na mzee mmoja anayeuza vinyago vya ndege wa jiwe, wadogo wa kutosha mfukoni. Nilimwita sekuru, kama nilivyosikia wengine wakiwaita wazee. Kiingereza chake kilikuwa kidogo na Kishona changu hakikuwapo, kijana wa duka akatutafsiria. Alisema babu zake walikuwa wakipanda mlimani kufanya matambiko na kuomba mvua, mpaka serikali ya wazungu ilipoweka uzio, na baada ya uhuru uzio ukabaki. Koo za pale, akina Nemanwa na akina Mugabe, zilibishana nani mwenye haki ya mlima, na makumbusho ikaona heri kuwazuia wote.

"Sasa, sekuru, hujapanda?"

"Napanda. Nalipa kiingilio."

Alisema bila hasira, akaendelea kusugua kinyago kwa msasa. Nilinunua viwili. Nikiwa njiani kurudi nilijiuliza kuhusu Kilwa, ambako mpaka leo watu huenda kwenye makaburi ya kale kuweka nadhiri na kuchoma udi, na hakuna aliyewawekea uzio. Sijui ni kwa hekima ya idara ya mambo ya kale au kwa uchache wa walinzi. Vyovyote iwavyo, nashukuru.

Baada ya safari ile nilijiwekea utaratibu wa kuwapeleka wanafunzi Kisiwani kila mwaka kabla ya mitihani. Tunavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, tunaanza na Msikiti Mkuu, tunakula chini ya mbuyu, tunamalizia Husuni Kubwa. Mwaka mmoja, tulipokuwa tunashuka, mtoto wa rika la miaka 8 alitufuata na mkono uliofumbwa. Akaufumbua. Sarafu tatu. Mmoja wa wanafunzi wangu, msichana mwenye mdomo mwepesi, akamwambia, "Mdogo wangu, hizo umeziokotea wapi?" Mtoto akasema pale. Pale wapi? Pale chini. Msichana akamshika mkono, "Twende ukanionyeshe hasa," wakaenda, akachora ramani ya ufukwe kwenye daftari la jiografia, akapima kwa hatua kutoka kwenye ukuta. Sarafu zikapelekwa ofisi ya mambo ya kale pamoja na ukurasa wa daftari. Yule mtoto alipewa hela ya kashata na mimi. Kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hakuna anayeruhusiwa kuziuza bila kibali, lakini sheria haijawahi kumnunulia mtoto kashata, na mpaka tutakapotafuta namna ya kuwalipa watoto hawa kwa macho yao, tutaendelea kupoteza.

Thamani ya ule ukurasa wa daftari niliiona tena mwaka 2011, wachimbaji walipokuwa Songo Mnara, kisiwa jirani. Waliibua sarafu zaidi ya 300 za Kilwa, zikiwa pamoja, mahali zilipozikwa. Sarafu 300 zilizookotwa ufukweni mwa Kilwa ni rundo la shaba. Hizi, kwa kuwa zilikutwa pamoja, zinaonyesha hela za watawala waliopishana kwa miaka mingi zilivyokuwa zinatumika kwa wakati mmoja. Marehemu baba angesema wameiona namba.

Nako Great Zimbabwe, udongo uliosalia umeendelea kuzungumza. Mashimo makubwa bondeni, ambayo kwa muda mrefu yalihesabiwa kuwa machimbo ya udongo wa kujengea tu, yamechunguzwa upya na Innocent Pikirayi na wenzake. Mwaka 2022 walitoa maelezo kwamba mashimo hayo yalitumika pia kuhifadhi maji. Mji wenye maelfu ya watu juu ya nchi yenye ukame ulikuwa umeyapangia maji yake hesabu. Hall aliyapita mashimo hayo bila kuyajali. Laiti angeyapita na mengine.

Baada ya kustaafu nilikwenda Tendaguru, maana ilikuwa aibu kwangu kuisema bila kuiona. Iko kaskazini-magharibi ya Lindi, na pikipiki ya kukodi inakufikisha ukivumilia mchanga. Ni kilima kidogo, kichaka kimekishika. Mzee wa kijiji cha jirani alinionyesha mabonde marefu yaliyoota miti: ndiyo mahandaki ya Wajerumani. Hapo, miaka miwili tu baada ya Maji Maji, wakati kusini yote bado inauguza njaa na makaburi, mamia ya watu wetu walichimba, wakapaka mifupa udongo na plasta, wakaifunga, wakaibeba kwa mabega mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Ilizidi tani 200. Werner Janensch na Edwin Hennig ndio waliokuwa wakuu wa msafara, lakini msimamizi aliyejua mfupa uko wapi kabla haujaonekana aliitwa Boheti bin Amrani. Jina lake nimelitafuta kwenye vitabu vya shule nilivyofundishia miaka yote na sikulikuta.

Jambo moja Janensch na Hennig walilifanya ambalo Hall hakulifanya: waliandika. Kila handaki lilikuwa na alama, kila mfupa na namba yake na tabaka lake, na kuna shajara, michoro na picha. Nyingi ziko Berlin pamoja na mifupa. Ndiyo maana kilima cha Masvingo hakikunifanya nipinge kurudishwa kwa mjusi. Kimenifanya nione kwamba tunadai kwa mpangilio mbaya. Tumekazana na kiunzi cha mita 13, kinachohitaji jengo, mafundi, umeme na miaka ya mazungumzo, wakati hatujawahi kudai kwa sauti hiyohiyo nakala za shajara na ramani, zitafsiriwe Kiswahili, ziwekwe Lindi na Dar es Salaam, na majina ya vibarua yaliyomo yasomwe mbele ya wajukuu zao. Wala hatujadai barabara ya kufika kilimani, au mlinzi wa kukaa pale, ambapo vipande vya mfupa bado vinaonekana juu ya ardhi na mpita njia anaweza kujaza begi.

Nimemwandikia mbunge wetu kurasa mbili kuhusu shajara hizo, na nakala nimempelekea ofisa utamaduni wa mkoa. Nimeambatisha orodha ya walimu watatu wa Kijerumani ninaowafahamu, mmoja wao mwanafunzi wangu wa zamani, waliokubali kuanza kutafsiri bila malipo endapo nakala zitapatikana.